Siku saba Paje: kaiti au ubao wa tanga, na wiki ipi ya kwenda?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Mwanza, nina kilo 74, naogelea vizuri lakini ziwani tu. Nina likizo ya siku saba ambayo naweza kuichukua Februari au Agosti, na nimeamua kwenda Paje, Unguja, kujifunza michezo ya upepo. Nishike lipi, kaiti (tiara kubwa inayokuvuta ukiwa juu ya ubao mdogo) au ubao wa tanga (ubao mpana wenye mlingoti na tanga lake)? Nichague wiki ipi? Ni mambo gani huwaumiza wanaoanza au kuwapotezea pesa? Halafu kuna mtu ananiuzia kaiti iliyotumika. Nafikiria niinunue ili nikirudi nijizoeze ziwani.

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Kwa siku saba, uzito wako, na miezi hiyo miwili, ningekuambia hivi: nenda Agosti, jifunze kaiti, na usipange safari kwa kalenda ya ukutani kabla hujatazama tarehe za mwezi mwandamo. Fika Paje kati ya tarehe 5 na 11 za mwezi mwandamo, au 20 na 26. Wengi hupanga kwa kufuata upepo peke yake, wakafika, wakakuta upepo mzuri kabisa na bahari imeondoka. Wewe unatoka ziwani, kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Pwani ya Paje ina mwamba mrefu uliojitenga na ufukwe, mawimbi makubwa yanavunjikia huko, na katikati kumebaki maji yaliyotulia yenye mchanga mweupe chini. Ndiyo maana wanafunzi wanapapenda: unaanguka, unasimama, kina ni cha kiunoni. Lakini maji hayo yanajaa na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku ratiba yote inachelewa kwa takriban dakika 50. Usipange kwamba utajifunza kila siku saa tatu asubuhi. Ratiba yako itakuwa inasogea.

Siku chache baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kina inaweza kukaribia mita nne. Katika upande huu wa Afrika Mashariki bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja jioni. Kwa hiyo ukifika Paje tarehe 2 au 16 ya mwezi mwandamo, asubuhi utaona watu wanatembea kwa miguu mbali kuelekea mwambani, na madimbwi tu yamebaki. Jioni ya siku hiyohiyo maji yamefika hadi kwenye kuta za hoteli, na mahali pa kusimama na kaiti hapapo.

Siku za robo ya mwezi ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana. Mchana kutwa kwa kawaida unapata kina cha kati ya goti na kifua, mkondo ni dhaifu, na ufukwe unabaki mpana. Kwa anayeanza hiyo ni hazina: unaweza kupata saa mbili au tatu za mafunzo mfululizo bila kuikimbiza bahari. Ndiyo sababu ya tarehe nilizokutajia.

Tafuta jedwali la maji la bandari ya Zanzibar kwa wiki unayoitaka. Saa zake zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi na 16:00 ni saa kumi jioni. Watu wamekosa vipindi walivyolipia kwa kuchanganya hapo tu. Tazama pia urefu wa maji. Ukiona siku ina maji makubwa ya mita 3.8 na madogo ya mita 0.2, hiyo ni bamvua kali. Ukiona tofauti kati ya makubwa na madogo ni kama mita moja na kidogo, hayo ni maji mafu.

Kuna hesabu moja ya mabaharia ambayo itakusaidia ufukweni. Gawa tofauti ya maji kwa 12. Saa ya kwanza bahari inapanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa tofauti ya mita 3.6 ina maana saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, lakini katika saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Mwanafunzi anaingia majini yakiwa magotini, anajisikia salama, na kabla ya saa mbili kuisha hawezi tena kusimama. Hali hiyohiyo huenda kinyume maji yanapotoka: saa ya tatu na ya nne ya kupwa ndipo mkondo unapokuwa na nguvu kuelekea kwenye milango ya mwamba, zile nafasi ambazo maji yote hutokea kwenda bahari kuu. Katika saa hizo usiwe karibu na milango hiyo, hata kama unaogelea vizuri. Kuogelea ziwani hakukufundishi kupambana na mkondo.

Upepo wa Februari na upepo wa Agosti

Kaskazi huvuma kuanzia katikati ya Desemba hadi mapema Machi. Huwa wa wastani, mara nyingi noti 12 hadi 18 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa), na unapenda kuchangamka kuanzia adhuhuri. Asubuhi unaweza kuwa mwepesi sana. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, na Julai na Agosti ndipo unapokomaa: noti 15 hadi 20 na zaidi, mara nyingi tangu asubuhi. Machi hadi Mei ni masika na upepo hauna msimamo. Usiende kujifunza wakati huo.

Ukisimama Paje ukatazama bahari, unatazama mashariki. Kaskazi unakujia kutoka mbele kushoto, kusi kutoka mbele kulia. Pepo zote mbili zinakusukuma kandokando ya ufukwe na kidogo kuelekea nchi kavu, na huo ndio mwelekeo salama kwa mwanafunzi kwa sababu ukishindwa kila kitu, unarudishwa pwani. Kusi hukupeleka Bwejuu, kaskazi hukupeleka Jambiani. Kumbuka hilo siku utakapolazimika kurudi kwa miguu, maana utarudi kwa miguu. Kila anayeanza hurudi.

Siku ambayo upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, hata ukiwa mtamu namna gani, usiingie. Na Agosti jihadhari na wingu jeusi la mvua linalokuja kutoka upande wa upepo: mbele yake upepo hupanda ghafla, pengine ukakaribia mara mbili kwa dakika chache. Ukiliona, shusha kaiti sasa. Usisubiri tone la kwanza.

Kwa nini kaiti, na si ubao wa tanga

Ubao wa tanga hukupa furaha mapema. Siku ya kwanza unasimama, siku ya pili unakwenda na kurudi. Lakini hayo hutokea kwenye upepo wa noti 8 hadi 12, ubao mpana wa lita 180 hadi 220, na tanga dogo la mita za mraba 3.5 hadi 5. Agosti Paje haikupi upepo huo kwa siku nyingi. Kwenye noti 18 tanga linakung'oa mikononi, unalinyanyua majini mara ishirini, na saa ya kwanza mgongo umekwisha. Pia ubao wa mwanafunzi una pezi refu nyuma na kipande kingine kinachoshuka katikati ili usisukumwe kando; kwa pamoja vinataka kina cha zaidi ya nusu mita, na maji yakipungua vinagonga chini. Pezi likikwama ghafla kwenye jiwe au kamba ya mwani, ubao unasimama na wewe unaruka mbele juu ya tanga. Hapo ndipo watu huvunja vidole vya miguu na kujigonga uso kwenye mlingoti.

Kaiti ni kinyume. Siku tatu za kwanza hupandi ubao kabisa, na wengi hukata tamaa hapo. Lakini upepo wa Agosti ndio unaoutaka, ubao wake una mapezi mafupi ya sentimita chache tu, na ukishapita kizingiti unasonga mbele haraka. Mtu mzima wa afya ya kawaida huhitaji takriban saa 9 hadi 12 za mafunzo ili ateleze mita mia moja mbili akiwa amesimama. Kwa siku saba, saa mbili hadi tatu kwa siku, na siku moja ya kupumzika au ya upepo kukataa, hesabu inatosha.

Kama likizo yako ingelazimika kuwa Februari, ningekujibu tofauti: asubuhi ubao wa tanga, mchana kaskazi ukichangamka uanze kaiti.

Ukichagua tanga, jambo la kushika ni moja. Ukisimama umeupa upepo mgongo na umenyanyua tanga kwa kamba, nyanyua kwa miguu, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka. Wanaovuta kwa kiuno ndio wanaolala kesho yake. Kisha uongozaji wote uko kwenye mlingoti. Ukiulaza kuelekea pua ya ubao, pua inaukimbia upepo. Ukiulaza nyuma, pua inageukia kule upepo unakotoka. Ukizidiwa, achia mkono wa nyuma tu. Tanga litafunguka na nguvu itakwisha papo hapo.

Vifaa vya kaiti na vipimo vyako

Kanuni ya haraka ya ukubwa wa kaiti: zidisha uzito wako kwa 2.2, kisha gawa kwa noti za upepo. Kwako wewe, 74 mara 2.2 ni karibu 163. Kwenye noti 18 unapata mita za mraba 9, kwenye noti 13 unapata 12.5. Hiyo ni kwa mtu anayejua. Wewe unayeanza, Agosti upewe ya 7 au 8. Mwalimu akikupa ya 12 kwenye noti 20 kwa sababu nyingine zimeshachukuliwa, kataa kipindi hicho. Ubao uwe wa sentimita 140 hadi 150. Mpana na mrefu husamehe makosa.

Kaiti ya kujifunzia ina mrija mnene wa mbele unaojazwa hewa kwa pampu, na mirija midogo inayokwenda nyuma. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza (haki ya uvumbuzi) ya wazo hilo mwaka 1984, na faida yake ni kwamba kaiti ikianguka majini inaelea na inaweza kuruka tena. Ili iruke tena mrija lazima uwe mgumu. Wanaoanza wana tabia ya kuacha pampu mapema kwa kuogopa kuupasua. Kaiti laini hujikunja katikati kwenye upepo, huanguka, na haitanyanyuka. Jaza hadi kipimo kilichochapwa kwenye kaiti, na ukiupiga kwa ukucha usikie mlio mkali. Ukishajaza, usiiache juani ufukweni kwa muda mrefu, maana hewa ya ndani hutanuka na mishono huachia.

Kamba ni nne au tano, za mita 20 hadi 24, zinazotoka kwenye kaiti hadi kwenye fimbo unayoshika. Upande mwekundu wa fimbo ni wa kushoto. Kabla ya kurusha, tembea ukizipitisha kamba katikati ya vidole hadi mwisho, kisha tazama kila fundo limeingia mahali pake. Kamba mbili zikibadilishwa, kaiti itazunguka kwa kasi mara tu ikipata upepo, na mtu aliyeishika hana nafasi ya kufikiri.

Kwenye hanesi, yaani mkanda mpana unaovaa kiunoni ili kaiti ikuvute kwa mwili na si kwa mikono, mbele ya tumbo, kuna kifyatuo. Hiki ndicho kifaa utakachokizoea kabla ya kingine chochote. Ukikisukuma, kaiti inabaki imeshikwa na kamba moja tu, inapoteza nguvu na kulala majini. Kifyatue ufukweni ukiwa umefumba macho, mara kumi, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, mpaka mkono ukijue mahali kilipo. Mchanga hukifanya kiwe kigumu, kwa hiyo kisuuze kwa maji kila kipindi kinapoisha.

Vaa kofia ngumu, jaketi la kuelea, fulana ya mikono mirefu, na viatu vya majini. Viatu si anasa: chini kuna miiba myeusi ya viumbe wa baharini, na ukikanyaga mmoja siku mbili za likizo zimekwenda.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza utarusha kaiti ndogo ya mafunzo nchi kavu na kujifunza anga la upepo. Ukiupa upepo mgongo, mbele yako kuna eneo lenye umbo la robo ya tufe ambamo kaiti inaweza kuruka. Kingoni, yaani juu ya utosi na pembeni kabisa kulia na kushoto, kaiti ina nguvu kidogo. Katikati, mbele yako na chini, ndiko nguvu zote zilipo. Kila kosa la kuumiza ni kaiti iliyopita katikati wakati mtu hakukusudia.

Kosa ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya ni kuvuta fimbo kuelekea tumboni anapoogopa. Mwili unataka kushikilia kitu. Lakini ukiivuta, kamba za nyuma hukaza, kaiti huukabili upepo zaidi, na nguvu hupanda wakati uleule unaotaka ipungue. Ukiogopa, isukume fimbo mbali nawe. Ikishindikana, iachie kabisa. Bado hofu? Kifyatuo.

Siku ya pili na ya tatu ni za kuburutwa majini bila ubao. Watu huona wanapoteza muda, na baadhi ya walimu huharakisha hapa ili mteja afurahi. Usikubali. Kuburutwa kwa kukata upepo, yaani kusogea kuelekea upepo unakotoka, mkono mmoja umenyooka ndani ya maji mbele yako na mwili umelala ubavu, ndiyo njia pekee ya kuufikia ubao uliokutoka na kubaki upande wa upepo. Asiyejua hilo hupoteza ubao kila anapoanguka, na mwalimu hutumia saa ulizolipia kukufuatia ubao.

Kuanzia siku ya nne unapanda ubao. Unakaa majini, ubao miguuni, kaiti juu ya utosi. Unaipeleka polepole upande wa pili wa unakotaka kwenda, kisha unaishusha kwa nguvu kuelekea unakokwenda. Hapa yatatokea mawili. Ukiishusha kidogo, utanyanyuka nusu na kuzama tena. Ukinyoosha miguu mapema, ubao utasimama kama ukuta na kaiti itakurusha mbele yake. Acha magoti yakunjwe, pua ya ubao ielekee kidogo kule upepo unakokwenda, na mara ukiwa juu ndipo uanze kukandamiza kisigino.

Utateleza, na utashangaa kwamba kila mara unamalizia mbali zaidi kuelekea Bwejuu. Sababu huwa ni hizi: ubao umelala bapa, uzito uko mguu wa mbele, macho yako kwenye ubao. Peleka kaiti kwenye pembe ya katikati kati ya utosi na maji kisha uiache itulie hapo, toa nyonga mbele, kandamiza kisigino cha nyuma, na tazama kule unakotaka kufika juu ya bega la mbele. Macho hugeuza bega, bega hugeuza nyonga, nyonga hugeuza ubao. Kurudi ulikotokea bila kutembea ndicho kipimo cha kuwa umejua.

Kabla ya siku ya saba mwambie mwalimu akufanyishe zoezi la kujiokoa kwenye maji ya kina: unafyatua, unaizungushia fimbo kamba ya usalama kwanza, kisha kamba zote kwa pamoja hadi uifikie kaiti, unashika ncha yake na kuiacha ikuburute pwani kama tanga. Usizungushe kamba mkononi hata mara moja. Kaiti ikishika upepo, kamba hukata vidole.

Kwenye ufukwe na majini pamoja na wengine

Ajali mbaya nyingi hutokea nchi kavu, na sana bamvua linapojaa jioni. Ufukwe umebaki wembamba, nyuma kuna kuta na minazi, na mtu bado anataka kurusha. Unataka nafasi tupu ya angalau mita 50 upande ule upepo unakokwenda, yaani urefu wa kamba mara mbili. Kama haipo, leo hakuna. Wakati wa kurusha, msaidizi ashike kaiti upande wa bahari ukingoni mwa anga la upepo, wala asisimame mbele yako moja kwa moja. Kidole gumba juu ni ishara ya kurusha. Kujigonga kichwani kwa kiganja ni kuomba kushushiwa. Kaiti ikipaa usiiache juu ya utosi huku unapiga soga: dhoruba ndogo ikipita hapo utanyanyuliwa wima. Ishushe kidogo upande wa bahari, ingia majini.

Anayetoka ufukweni apishwe na anayerudi. Mkikutana uso kwa uso, mwenye mkono wa kulia mbele anaendelea na mwingine anapisha. Mkipitana, aliye upande wa upepo ainue kaiti, mwingine aishushe.

Na kuna wenyeji wa maji hayo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani hii ya mashariki ikiwa mwanzo wake, na wanaolima zaidi ni kina mama. Utaona safu za vigingi na kamba zilizofungwa vipande vya mwani, na maji yakijaa vyote vinafichika chini. Zao huchukua takriban wiki sita kuvunwa. Pezi moja likipita kwenye kamba linaweza kuondoka na kazi ya wiki hizo zote, na kigingi kinaweza kukutoboa ukianguka juu yake. Maji yakiwa yamepwa, tembea na mwalimu akuonyeshe mashamba yalipo na kamba za nanga za ngalawa, kisha chagua alama pwani, mnazi fulani au paa fulani, ili maji yakijaa ujue mpaka. Ukiharibu, nenda kwa mwenyewe umwambie na umlipe. Ukitoka majini kuingia kijijini, vaa nguo za heshima.

Kabla hujalipa

Muulize mwenye shule: mwalimu ana cheti cha IKO (shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti) au chombo kingine kinachotambulika, na anafundisha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Wawili kwa kaiti moja ni kiwango cha juu. Chombo cha uokoaji kiko tayari majini au kiko gereji? Upepo ukikataa, saa nilizolipia zinakuwaje? Kaiti ikichanika nikijifunza, nani analipa? Majibu ya maswali haya mawili ya mwisho yaandikwe. Usilipe saa zote 12 siku ya kwanza. Lipa tatu, mtazame anavyofundisha, kisha uendelee. Na ukimaliza, dai kadi inayoonyesha ngazi uliyofikia, kwa sababu bila hiyo shule nyingine itakuanzisha mwanzo au haitakukodisha vifaa.

Sasa kaiti ya huyo anayekuuzia. Usiinunue kabla ya kwenda. Hujui bado ukubwa unaokufaa, na mtu mwenye kaiti yake nyumbani hawezi kuvumilia. Ataitoa siku moja uwanjani peke yake. Ziwani pia hakuna mtu wa kukufuata ukishindwa, upepo mbele ya mvua hubadilika haraka, na ukisimama kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna kichocho. Nunua utakapoweza kurudi ulikotokea bila kutembea na kujiokoa mwenyewe, na uwe na mwenzako ufukweni mwenye boti.

Wakati huo ukifika, ikague hivi. Ijaze hewa hadi iwe ngumu, iache kivulini kwa saa tatu au nne. Ikilegea, kibofu cha ndani au vali inavuja. Tazama kitambaa juani: kilichopauka na kisicho na mlio wa karatasi ukikikunja kimechakaa, hata kama hakina tundu. Kagua mshono wa mrija wa mbele na kona za nyuma, kisha uliza kila kiraka kilitokana na nini. Funga ncha zote za kamba kwenye msumari mmoja, vuta fimbo: zikiwa zimepishana urefu, kaiti itavuta upande mmoja. Kifyatue kifyatuo chake mara kadhaa mbele ya muuzaji, kamba ikiwa imekazwa. Kisipoachia kwa msukumo mmoja, mwachie kaiti yake.